Nahodha wa Mashua ya Adui

Jumatatu, 3 Machi

Majaketi yamefika. Maboksi mawili! Tumejazana kwenye banda la mashua kama watoto siku ya nguo mpya, Bonge mbele ya wote, shati keshalivua kabisa.

Boksi la kwanza: majaketi meupe. Bendera ya nchi begani, bendera tena mgongoni, kubwa. Hayo ni ya mashua ya taifa. Mwenyekiti wa chama amegawa kwa mkono wake, tabasamu lote kwa mpiga picha. Wa kwanza kuvishwa — Baridi! Nahodha wetu wa kukodi. Mwaka jana alikuwa anaendesha mashua ya watu wengine, mwaka juzi ya wengine tena. Wakafuata wageni wenzake wawili, yule wa kusoma upepo na yule wa matanga. Mwisho kabisa vijana wetu watatu wa winchi, zile mashine za mkono za kuvutia kamba za tanga, kwa sababu kanuni inataka nusu ya mabaharia sita wawe raia. Nusu yetu sisi ni ile ya kuzungusha mikono. Akili imeagizwa kutoka nje.

Boksi la pili: kijivu. Bila bendera, bila herufi, bila chochote. Hayo ni yetu, watu wa mashua ya mazoezi.

Na bado. Mashua yetu imepakwa rangi za Mabingwa, ile timu ya nje iliyobeba kombe mara iliyopita. Mwenyekiti amefafanua: kazi yetu ni kuwa adui. Tuanze kama Mabingwa, tugeuze kama Mabingwa, tumkabe Baridi kama watakavyomkaba wao. "Nyinyi ndio kiwanda cha ushindi," amesema. Bonge, mtu wangu wa winchi, akaninong'oneza: kiwanda, sawa, na sisi ndio moshi.

Kwa hiyo mashua ya taifa inaongozwa na wageni, na wenyeji ndio tuko kwenye ya adui. Nimeandika hivi nione kama itaeleweka ikiwa kwenye karatasi. Haieleweki.

Orodha ya mabaharia inafungwa Jumamosi ya tarehe 22, saa sita mchana. Mwenyekiti alitutangazia tangu mwanzo kwamba mshika usukani ataamuliwa majini. Haya. Majini nipo. Usukani wa mashua ya taifa nautaka na nitaupata. Nimeshaandika, sirudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Mama ameliona jaketi kwenye kiti. Akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma. Bendera iko wapi? Nikasema hawajaiweka. Wamesahau? Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Sikufikiria vizuri. Mama anashona sare za shule, nyumba nzima ni vitambaa! Chai haijapoa keshakata, keshakunja, keshakaa kwenye cherehani. Bendera begani, mshono mdogo mdogo, uzi huuoni. Akamwita jirani. Jirani akamwita binti yake. Nimesimamishwa sebuleni nikageuzwa huku na huku kama kabati linalouzwa.

"Huyu hapa ndiye anaendesha mashua ya taifa," Mama akawaambia.

Sikumsahihisha. Ningesema nini? Mama, mimi ndiye adui?

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti ameiona kabla sijafika hata mlangoni. "Binti, hiyo itoe." Kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Eti wapiga picha watachanganyikiwa, adui hawezi kuvaa bendera yetu.

Nimeifumua mwenyewe kwa wembe wa Bonge. Mama anashona kwa nguvu jamani! Mapumziko yote ya mchana yameishia hapo. Bonge alikaa pembeni yangu na hakutania hata mara moja, nami nikajua kumbe hata yeye limemuuma. Nyumbani nimeingia na jaketi limekunjwa kwapani.

Ijumaa, 7 Machi

Upepo mzuri, bahari imechafuka kidogo. Tumewapiga! Tumewapiga tena na tena!

Nilitumia ule mtindo wangu. Kabla ya kuanza mashua mbili zinazungukana nyuma ya mstari, kila mmoja anamwinda mwenzake, mnasubiri honi. Ukivuka kabla ya honi umejiponza, unarudishwa. Basi mimi naielekeza mashua kwenye upepo, matanga yanapigapiga hovyo, tunasimama papo hapo kama punda aliyegoma. Baridi anakuja nyuma kwa kasi. Hana pa kwenda! Ananipita, anavuka mstari mapema, honi bado. Nami navuta tanga, naondoka taratibu kama mtu aendaye sokoni. Bonge alikuwa anacheka huku anazungusha winchi, nusura aanguke.

Baridi hakukasirika. Hakasiriki huyu mtu, ndiyo maana tukamwita Baridi. Haimbi, hapigi kelele, anakula biskuti zake kavu pembeni. Kila jioni anapita kwetu kutupa mkono mmoja mmoja. Leo alipofika kwangu hakuuachia. Akaniuliza, kwa lugha yetu anayoitembeza polepole: "Ile ya kusimama. Nani kakufundisha?" Nikamwambia hakuna, nilijifunza utotoni kwenye kimashua kibovu kisichotaka kwenda. Akatikisa kichwa kwa heshima kabisa.

Kisha akasema: "Kesho nifanyie tena. Na kesho kutwa. Mpaka nijue."

Nikajibu sawa nahodha. Nimefika nusu ya njia ya nyumbani ndipo nimeelewa nilichokubali.

Jumapili, 9 Machi

Foleni ya mkate, watu wanagombana kuhusu sisi. Muuza mkate anasema afadhali kushindwa na watoto wetu kuliko kushinda na watu wa kukodi. Mama mmoja mwenye kikapu anamwambia acha maneno, kombe likija hakuna atakayelipima damu. Muuza mkate akaapa hatawasha hata redio. Nilitaka kumkumbatia.

Nyumbani nikamsimulia kaka yangu. Kaka ni dereva wa lori, na mpira kwake ni chakula. Akanikata: "Mshambuliaji wa timu yangu katoka wapi? Na kipa je? Jumapili iliyopita si ulishangilia hapa hapa mpaka ukamwaga juisi?" Nikamwambia ile ni klabu, hii ni nchi. Akaniuliza basi kocha wa timu ya taifa ametoka wapi. Nikamwambia anyamaze ale.

Jumanne, 11 Machi

Ameshajua.

Nilisimamisha mashua — naye akasimama! Kando yangu, upande unaotoka upepo, akaniziba hewa yote. Mimi nimekwama pale matanga yamelala, yeye anasubiri honi ametulia. Honi ikalia, akaenda zake. Tumerudia mpaka jua limetuchoma. Kila mara vilevile.

Siku zote hizi nimekuwa namnolea kisu atakachonichinjia! Na kuna jambo linanikera zaidi. Jioni alipokuja kutupa mkono aliniambia asante, na nilijisikia vizuri. Vizuri kabisa, kama mwalimu. Nikajichukia hadi nyumbani.

Bonge anasema nimpunguzie, nimfundishe nusu nusu. Hapana. Nikianza kuendesha nusu, nitashindaje nzima? Nitatafuta kingine.

Alhamisi, 13 Machi

Mwenyekiti aliniita ofisini. Akanikaribisha soda. Soda ya Mwenyekiti haijawahi kuwa ya bure.

Jumamosi kuna maonyesho. Waziri atakuja, wadhamini watakuja, kamera zitakuja, mashua mbili zitashindana mbele ya watu wote. Ya taifa na ya adui. "Unaelewa adui hufanya nini siku kama hiyo," akasema.

Nikajifanya sielewi. Ikabidi aseme. Nishindwe, tena vizuri, watu wafurahi. Nikamkumbusha maneno yake ya kuamuliwa majini. Akacheka: "Binti yangu, uzalendo ni pamoja na kujua lini uachie." Akaongeza, huku anatazama dirishani, kwamba nafasi ya akiba kwenye orodha bado iko wazi na anamfikiria mtu mwelewa.

Akiba! Lakini akiba anavaa jaketi jeupe. Akiba anapanda mashua ya taifa siku nahodha akiugua. Nilikaa na ile chupa mkononi mpaka ikapata joto. Nikasema sawa Mwenyekiti.

Bonge anasema nimefanya la maana. Mbona basi nyumbani sijamwambia mtu?

Jumamosi, 15 Machi

Watu! Gati lote limejaa, watoto wamebebwa mabegani. Mama alikuja na jirani na binti wa jirani. Nilimwona amepunga mkono kuelekea mashua nyeupe, halafu akasimama kutafuta, halafu akaniona mimi nikiwa kwenye ile nyingine. Mkono ukabaki hewani. Sitaki kuliandika hilo zaidi.

Nikashindwa kama nilivyoagizwa. Nilichelewa kugeuza pale pa kugeuza, nikalegeza tanga kidogo, hakuna aliyeona. Hata Bonge asingejua kama nisingemwambia. Tuliachwa kwa urefu wa mashua moja na kidogo, ikapendeza. Waziri alipiga makofi. Wimbo wa taifa ukapigwa, Baridi na wageni wenzake wamesimama wima, wanauimba! Maneno yote wanayajua. Mimi sikuimba.

Jioni Baridi akaja. Akampa mkono Bonge, akawapa wengine. Mimi akaniruka.

Nikamfuata mpaka kwenye bomba la kuoshea kamba. Nini? Akafunga maji kwanza. "Leo hukuwa wewe," akasema. "Kama uliumwa, pole sana. Kama hukuumwa, umenitukana."

Nikamwambia ni amri ya juu. Akasema yeye kule mashindanoni hatafunguliwa mlango na mtu, kazi yangu mimi ni kuufunga, na hapa nchini ni mimi peke yangu ninayeweza kuufunga. Akachukua ndoo akaondoka.

Nimeona haya. Nimekasirika pia! Nafundishwa kuipenda nchi yangu na mtu wa kukodi, tena mbele ya ndoo! Lakini amesema kweli. Niliiachia mashua, na aliyeona mwenyewe ni yeye tu. Siachii tena. Waziri aje, malaika aje, siachii tena.

Jumapili, 16 Machi

Mama alisubiri mpaka tumemaliza kula. Nikamweleza yote: boksi la kijivu, adui, bendera kufumuliwa. Nilidhani atakasirika kwa uongo wangu. Akabaki kwenye neno moja: "Amekufumulisha mshono wangu?" Akasimama. "Mshono wangu?" Kaka na mimi tulimshika asiende kwa Mwenyekiti na gauni la nyumbani.

Saa tisa simu ikalia. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke, yuko katikati ya mji, anaomba tuonane. Nikaenda. Mwanamke wa makamo, kofia nyeupe, mikono imekomaa kwa kamba. Ni meneja wa Mabingwa! Wale wenyewe, wameshafika kwa ajili ya mashindano.

Alikuwa gatini jana. Akaniambia: "Nimeona watu wengi wakishinda. Sijawahi kuona mtu akishindwa kwa ustadi ule." Nikatamani ardhi inimeze. Nahodha wao amevunjika mkono akishuka ngazi za hoteli, si vitani wala nini, ngazi tu. Wananitaka mimi. Usukani wa mashua yao ya mashindano, si ya mazoezi! Nafasi zao za wageni hazijajaa. Anataka jibu kabla ya orodha kufungwa.

Usukani nilioutaka. Bendera ya watu wengine.

Kaka alipojua akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo kule wewe ndiye utakuwa mgeni! Wauza mkate wa kwao watakugombania!" Nikamrushia kandambili. Ikampata.

Mama hakucheka. Baadaye akiwa anakunja vitambaa akasema: "Ukienda nitakushangilia rohoni. Mdomo lakini utashangilia huku." Nikamwambia naelewa. Akasema yeye haelewi.

Jumanne, 18 Machi

Leo nilikaa karibu na Baridi pale anapokula biskuti zake. Nikamuuliza wazi: kwa nini uiendeshee nchi isiyo yako?

Hakuudhika. Kwao, akasema, mabaharia wazuri wamejaa, yeye alikuwa wa akiba miaka yote ya ujana wake. Wa akiba! Kila mwaka wanamwambia subiri. Akatoka. Sasa anajua nyimbo za taifa nne, na wa kwao ndio anaousahau maneno. Alisema hilo akitazama pakiti ya biskuti.

Na unapopigwa huo wa wengine, unahisi nini? Akasema yeye hatazami bendera, anatazama miguu ya vijana wa winchi. Ikitetemeka, anajua kazi ameifanya. Basi. Yake haijawahi kutetemeka.

Nilitaka kumwonea huruma, nikajizuia. Huruma inaharibu mwanzo mzuri.

Nikamwambia kuhusu Mabingwa. Alishajua, bahari haina siri. Akasema niende ama nibaki, lakini kwanza tushindane kweli, Alhamisi, bila kamera, bila Mwenyekiti. Nikimshinda atamwambia Mwenyekiti kwa mdomo wake. Nikamwambia sitaki sadaka. "Sitoi sadaka," akajibu. "Nimekuja kushinda, wewe pia. Tuone."

Nimewaambia watu wangu. Bonge amelala sakafuni anafanya mazoezi ya tumbo. Bonge! Mazoezi ya tumbo!

Alhamisi, 20 Machi

Naandika haraka, mwandiko usinicheke.

Honi tuliitega ilie yenyewe. Mzunguko wa kwanza kati ya mitatu ukawa wake. Sikukosea kitu, alikuwa bora tu, alinibana tangu honi mpaka boya la mwisho. Akiendesha kwa moyo wote ni balaa yule mtu. Wa pili wangu, kwa upepo uliobadilika nami nikauona kwanza.

Wa tatu. Nikasimamisha mashua. Akasimama kando yangu upande wa upepo, kama nilivyojua atasimama. Matanga yake yanapigapiga, yangu yanapigapiga, tumekaa pale kama majirani wasiosalimiana. Hewa yote kaichukua yeye. Watu wangu wananitazama.

Nikasema: Bonge, rudi nyuma.

Bonge akaweka bega kwenye mti wa chini ya tanga akausukuma nje, kinyume, uso umevimba. Tanga likashika upepo wa mbele. Mashua ikaanza kurudi — kinyumenyume! Polepole, usukani unataka kuniruka mkononi, nimeukumbatia kwa kifua. Ukigusa mtu unaporudi kosa ni lako. Tezi yake, nyuma kabisa ya mashua, hiyo hapo, karibu ningeweza kuishika. Sikugusa! Nikatoka nyuma yake, nikageuza, Bonge akaachia, wengine wakavuta, nikapita upande wa upepo, mimi nakwenda yeye amesimama — honi!

Alinifukuza mpaka boya la mwisho, akiramba povu langu. Hakunipata.

Tulipofika gatini hakuna aliyepiga makofi, hapakuwa na mtu, ila mlinzi wa lango ambaye alitaka kujua kama tuna kibali. Bonge alikuwa analia wazi wazi. Baridi akaja akanipa mkono. Nilitazama miguu yake kwa udadisi wangu tu. Haikutetemeka. Yangu ndiyo ilitetemeka. Na wimbo haukuwepo!

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwenyekiti na buti zake zikidondosha maji.

Ijumaa, 21 Machi

Mwenyekiti ameniita tena. Safari hii hakuna soda.

Baridi alimwambia kila kitu. Lakini picha ya Baridi iko ukutani kila barabara, Baridi na bendera, wadhamini wameilipia. Hawezi kuibandua kwa ajili ya "mchezo wa asubuhi". Hata hivyo yeye ni baba, anasikia. Kwa hiyo ameniandalia nafasi kwenye mashua ya taifa. Siyo akiba! Nafasi kamili, jaketi jeupe, picha ya mbele. Winchi ya kushoto.

Winchi!

Na kijana wa winchi ya kushoto? Atapumzishwa, ataelewa. Yule kijana mikono yake ni nguzo za nyumba. Mimi nikiizungusha winchi ile kwenye upepo wa kweli tutafika boya la kwanza siku ya pili. Watanipiga picha nikitoa jasho, basi. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia wapo wanaonitaka usukani.

Halafu polepole: "Utaisaliti bendera yako?" Nikamwambia bendera yangu nilifumulishwa hapa hapa, kwa wembe. Akasema nisimpandishie sauti. Nikashusha. Nikarudia yaleyale kwa sauti ya chini.

Kesho nitakwenda ukumbini. Nitamwambia mara moja tu: usukani, au naaga. Sitalia, sitabembeleza, sitapokea winchi. Mama amesema nivae viatu safi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa ukumbini, daftari gotini. Nisipoandika nitakula kucha.

Ukumbi mrefu, meza za timu zimepangwa ukutani, kila meza na kibao chake. Mbele kuna karani wa mashindano, mwanamke mwembamba mwenye miwani, na mihuri yake. Kila baharia anasaini mwenyewe kwenye nafasi yake. Ukishasaini timu moja, umefungwa nayo hadi kombe liishe. Meza yetu iko kushoto kwangu. Ya Mabingwa kulia. Katikati kuna kiti kimoja cha plastiki, nimekikalia.

Nimeshasema. Nilimkuta Mwenyekiti mbele ya watu wote, wageni na wenyeji, nikasema nitasaini usukani wa mashua ya taifa, na kama si usukani, nitasaini meza ile. Akasema huku ameuma meno: "Unalitishia taifa?" Nikamwambia hapana Mwenyekiti, naliomba kazi.

Bonge nyuma yangu alisema "Eeh!" kwa nguvu, kisha akajifanya anakohoa.

Vijana wa winchi wamesaini. Yule wa kushoto pia, na baada ya kusaini akaniangalia akainamisha kichwa. Baridi hajasaini. Amekaa na kalamu yake. Mwenyekiti alimwambia saini basi, akajibu anasubiri ajue mshika usukani ni nani ili naye ajue anasaini nafasi ipi, usukani au akiba. Hakunitazama aliposema. Nadhani hataki nimshukuru, na simshukuru, kwa sababu nilimshinda. Lakini namheshimu mpaka basi. Nimeandika.

Bi Kofia Nyeupe wa Mabingwa amenipungia kidogo kutoka kwenye meza yao. Hanisukumi. Ameacha kalamu juu ya karatasi, kiti kimevutwa nje.

Mwenyekiti yupo mlangoni na simu. Anazungumza na mdhamini, au waziri, au wote. Anafuta shingo kwa leso. Nasikia "ndiyo mheshimiwa" na "hapana mheshimiwa", zinafuatana.

Nikisaini kulia naufuata usukani na kumwacha Mama anishangilie rohoni. Ningetaka kushoto! Mungu wangu, ningetaka kushoto mpaka kifua kinauma. Lakini siendi kushoto kuzungusha winchi ili nipendeze kwenye picha. Hilo limekwisha, sijiulizi tena.

Saa ya ukutani imebakiza kidogo kufika sita. Karani amesimama, anaanza kupunguza watu ukumbini. Wasio na timu watoke nje, anasema. Bonge anatolewa! Anabishana, ananionyesha ngumi, si ya kugombana, ya kunitia moyo. Ametoka.

Karani amefika kwangu. Ameangalia jaketi langu la kijivu, bega la kwanza, bega la pili, anatafuta. "Samahani dada. Wewe ni wa timu gani?"

Nimemnyooshea kidole Mwenyekiti. Muulize yule.

Karani anamfuata. Viatu vyake vinalia sakafuni. Amemuuliza. Mwenyekiti ameziba simu kwa kiganja. Ananitazama. Nami namtazama, naandika bila kuangalia karatasi, herufi zitakuwa za kuku, potelea mbali. Baridi ameinuka. Sishushi macho. Mwenyekiti anafungua mdomo —